Kichupa cha Damu ya Odianosen

"Niacheni nikanywe," alisema Akhere Okosun. "Nikishakunywa, haya yote yatakwisha."

Inspekta Omoye Iyoha aliweka kalamu mezani. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameketi upande huu wa meza, na watuhumiwa walikuwa wamemwomba mengi: wakili, sigara, ruhusa ya kwenda chooni ili watoroke. Hakuna aliyewahi kumwomba maji yaliyooshewa maiti.

"Nani kakuambia yatakwisha?"

"Kaka Ehikioya, mbele ya ukoo mzima. Nikinywa maji watakayomwoshea mume wangu, siku saba zikapita nikiwa mzima, basi sikumuua. Na mimi sikumuua, madamu. Niogope nini?"

Ndugu wa mume walikuwa wamemnyoa kipara alfajiri, kabla ya kumleta kituoni, na wembe ulikuwa umemchana mara mbili juu ya sikio. Hakulia. Alikuwa akilitazama dirisha kama mtu anayechelewa shughuli.

Faili lilikuwa na kurasa tatu tu. Odianosen Okosun, mfanyabiashara wa garri, chenga za muhogo uliokaangwa, hapo mjini Uhiojie, alifariki jana jioni katika Kliniki ya Faraja, akitokwa na damu puani, kwenye fizi na kila mahali alipodungwa sindano. Daktari Aigbe, mwenye kliniki, aliwaambia ndugu kwamba damu ya namna ile ni ya mtu aliyekula sumu ya panya. Ehikioya, kaka wa marehemu, akaenda moja kwa moja jikoni kwa shemeji yake, akatoka na pakiti iliyofunguliwa ya vidonge vyekundu vya kuulia panya. Maiti ilikuwa nyumbani, na ingeoshwa saa kumi alasiri. Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi, na vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limelififisha jua.

Mkuu wa kituo, Itua, aliyeitwa 'oga' kama mabosi wote wa hapo, alikuwa ameshatoa hukumu yake akiwa amesimama mlangoni, kijiti cha meno mdomoni.

"Wapeni mwanamke wao. Wakamalizane kimila, mimi nifunge faili. Akikataa kunywa, ni muuaji. Akinywa, wametulia. Unataka nini tena, Omoye?"

"Nataka kujua nani kamuua mtu, oga. Ndiyo kazi tuliyoajiriwa."

"Una mpaka saa kumi."

Alisema hivyo kama anayempa mtu zawadi. Omoye aliufunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akarudi kwenye kiti.

"Anza na siku aliyougua."

"Leo ni siku ya kumi na tatu," alisema Akhere. "Alikuwa barabarani anaanua garri aliyoianika kwenye maturubai. Akarudi akasema viungo vinamuuma. Tukasema malaria, akameza dawa. Siku ya tatu koo likafunga, hata mate hayapiti. Nikampeleka kwa Daktari Aigbe, wakamlaza."

"Alikuwa na homa?"

"Homa? Madamu, nilikuwa naweka kitambaa chenye maji kwenye paji lake, nikigeuka kuloweka kingine, cha kwanza kishakauka. Siku ya kumi uso ukavimba. Masikio nayo yakaziba. Akawa ananigombeza, 'Nakuuliza, hujibu?' Nami nimeshamjibu mara tatu." Aliligeukia tena dirisha. "Alikufa akidhani nimemnunia."

"Vidonge ulinunua lini?"

"Siku ya soko. Lile la kwanza baada ya kulazwa."

"Kwa nini wakati ule, mgonjwa yuko kitandani?"

"Daktari aliniuliza kama nyumbani tuna panya. Nikamwambia tele, ghalani wanacheza juu ya magunia. Niliona aibu, akaniona mchafu. Nikapitia sokoni nikanunua dawa. Kesho yake nikamwambia, daktari, nimeshanunua, nimeitega. Akasema vizuri."

Maneno hayo Omoye aliyaandika yote, akayapigia mstari.

"Chakula cha mgonjwa nani alipeleka?"

"Mimi. Garri ya kuloweka, kwa maji baridi, sukari na karanga. Ndiyo pekee iliyopita kooni."

"Ulikula naye?"

"Hapana. Garri isiyopikwa inanichoma kifua, tangu nikiwa msichana. Kila mtu anajua."

"Ndiyo maana kila mtu anakushuku."

Sajini Ekata alipiga simu kutoka sokoni saa nne na nusu. Mwuza dawa za panya alimkumbuka Akhere vizuri, kwa sababu alinunua huku akiomba radhi, kana kwamba panya ni kosa. Ilikuwa soko la siku tisa zilizopita.

"Kwa hiyo homa ilianza kabla sumu haijaingia nyumbani," alisema Omoye.

"Ndiyo, madamu. Lakini oga atasema homa ilikuwa malaria, halafu sumu ikatiwa kwenye garri pale kitandani."

Ekata alisema kweli. Tarehe peke yake isingemwokoa mtu.

*

Daktari Aigbe alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo, na ofisi yenye ubaridi wa kutosha kuhifadhi samaki.

"Inspekta! Kinywaji baridi?"

"Chati ya marehemu."

Aliitoa haraka, ilikuwa tayari juu ya meza. Omoye aliisoma akiwa amesimama. Siku kumi za wodini, vipimo vitatu kila siku, na joto la mwili halikupanda wala kushuka: thelathini na sita nukta nane, asubuhi, mchana na usiku. Kalamu ilikuwa moja, ya buluu, na mwandiko ulikuwa mmoja. Hakukuwa na alama ya kidole, doa la chai wala neno lililokatwa.

"Manesi wangapi wameandika hapa?"

"Watatu, kwa zamu."

"Wana mwandiko mmoja kama mapacha."

Daktari alitabasamu. "Wafanyakazi wangu ni nadhifu."

"Mkewe anasema alikuwa anaungua kwa homa."

"Mkewe ndiye mtuhumiwa wako, au nimekosea? Sumu ya panya haileti homa, Inspekta. Inaleta damu. Na damu sote tuliiona."

"Nitaongea na nesi aliyempima."

"Nesi Izegbe yuko kwao. Amechoka."

"Amechoka, au anaumwa?"

"Amechoka," alisema Aigbe, na mara hii hakutabasamu.

Omoye alitoka, akafuata ukuta hadi nyuma ya kliniki, kwenye chumba chenye mlango wa kijani ulioandikwa "Maabara" kwa rangi ya mkono. Humo alimkuta mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akinawa mikono. Aliendelea kunawa hata baada ya kumwona.

"Funga mlango, binti yangu," alisema. "Mimi ni Friday Ojeaga. Nilikuwa namwomba Mungu mtu aje kabla ya saa kumi."

"Ungekuja kituoni, baba."

"Nilikuja jana saa mbili usiku. Mkuu wenu akaniambia faili limekwisha."

Omoye aliliandika hilo kwenye daftari lake. Mzee alivaa glovu mbili mbili, akavuta kopo la bati kutoka chini ya meza, akalifungua. Ndani, juu ya pamba iliyoloweshwa dawa, kulikuwa na vichupa viwili virefu vya kioo vilivyozibwa kwa nta.

"Tazama kwa macho. Usiguse."

Katika kichupa cha kwanza kulikuwa na bonge dogo, jeusi, lililosinyaa kama tende, likisimama ndani ya maji ya manjano yaliyotulia. Katika cha pili damu ilikuwa imeganda pia, lakini ilijaa kioo chote ukuta kwa ukuta, laini kama jeli iliyotoka kuiva. Hakukuwa na tone la maji ya manjano.

"Kipi cha marehemu?"

"Hiki kilichojaa. Kile kingine ni changu mimi."

"Chako?"

"Juzi saa nne asubuhi oga wangu, daktari, aliniambia nipime kundi la damu, anataka kumwongeza damu. Nikachota kidogo zaidi. Ni mazoea yangu ya siku za watu walioumwa na nyoka. Unatia damu kwenye kioo kikavu, unakiacha dakika ishirini bila kukigusa, kisha unakilaza. Ikimwagika, imeharibika. Isipomwagika, imeganda. Na ili kioo kichafu kisinidanganye, nikajichoma mwenyewe nikajaza cha pili, dakika ileile." Alifungua daftari la shule. "Yangu iliganda dakika ya nane. Yake dakika ya tisa."

"Kwa hiyo damu yake iliganda."

"Iliganda."

"Na mtu aliyekula sumu ya panya?"

"Kaa, nikueleze taratibu, maana mahakamani watakuuliza." Mzee alishusha miwani. "Mshipa ukitoboka, kazi ni mbili. Kwanza zinakuja chembe sahani, vitu vidogo kuliko vyote ndani ya damu. Zinajibandika penye tundu, zinashikana. Halafu kuna vifaa ambavyo ini limevitengeneza na kuvitia kwenye damu. Hivyo vinasuka nyuzi juu ya zile chembe. Nyuzi ndizo zinazoigeuza damu kuwa jeli. Mwisho chembe zilezile zinazivuta nyuzi, bonge linasinyaa, linakaza, maji ya manjano yanakamuliwa nje. Ndiyo hiyo damu yangu unayoiona."

"Na sumu inaharibu wapi?"

"Kwenye ini. Vile vidonge vyekundu vinalizuia ini kukamilisha vifaa vya kusuka. Hakuna nyuzi, hakuna jeli. Mwaka juzi mbwa wa oga alivila vilevile. Damu yake ilishinda hapa kutwa nzima ikiwa majimaji. Oga alisimama hapo ulipo akaitazama kwa macho yake mawili."

Omoye aliinua uso kutoka kwenye daftari lake. "Daktari Aigbe anajua damu ya sumu inafananaje."

"Anajua kuliko mimi."

"Endelea."

"Damu ya Odianosen nyuzi inazo, ndiyo maana imeganda. Wavutaji ndio wamelala. Chembe sahani niliziangalia kwa darubini: zimepungua kidogo, si sana, zimo. Lakini hazifanyi kazi. Nilikiweka kichupa kwenye maji ya vuguvugu, nikangoja saa mbili, nikangoja mpaka jioni, nikangoja mpaka leo. Bonge halijasinyaa hata unywele. Na hiyo, binti yangu, nimeiona kwa wagonjwa wa homa ya Lassa. Kirusi kile kikimzidi mtu, kwenye majimaji ya damu yake kunakuwa na kitu kinachozilaza chembe sahani. Kuta za mishipa midogo nazo zinalegea, maji yanavuja, uso unavimba. Mtu anavuja damu huku damu yake kwenye kioo inaganda vizuri tu."

"Homa zote za kutokwa na damu ziko hivyo?"

"Laiti zingekuwa. Ebola ina fujo nyingine. Inaingia kwenye seli za ulinzi, na hizo seli zinaanza kuamrisha mwili mzima ugande. Vibonge vidogo vinaganda kila mahali pasipotakiwa, vifaa vya kusuka vinaisha, ini lenyewe linachoka. Likija tundu la kweli, ghala ni tupu. Ingekuwa hiyo, kichupa changu kisingekusaidia kitu. Kingekuwa majimaji kama cha sumu."

"Basi hiki kinathibitisha Lassa?"

"Hapana. Usiende kusema hivyo, watakucheka. Hiki kinaikataa sumu. Lassa itathibitishwa na maabara kubwa, wakipelekewa damu. Nilimwandikia oga barua juzi mchana, nikamwomba tuipeleke. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni."

"Barua imepotea, basi."

"Mimi ni mtu wa karatasi ya kaboni," alisema Ojeaga, akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Nakala ilikuwa pale, na tarehe, na saa, na neno Lassa limepigiwa mistari miwili.

"Nesi Izegbe?"

"Siku ya tatu ya homa. Koo limefunga. Ndiye aliyekuwa akimfuta damu. Glovu zilikwisha wiki iliyopita, oga akasema wavumilie."

Omoye alifunga daftari. Swali lililobaki alilijua jibu lake, lakini alitaka lisemwe na mtu mwingine.

"Maji ya kumwoshea maiti, baba. Mtu akiyanywa?"

"Kirusi kiko kwenye damu, kwenye mate, kwenye mkojo, na mtu akifa hakifi naye siku hiyo. Anywe kikombe?" Mzee alitikisa kichwa. "Halafu akiugua, watasema mila imemnasa mwongo."

Hapo ndipo hasira iliyokuwa ikimpanda Omoye tangu asubuhi ilipofika kooni. Walikuwa wamemtengenezea mwanamke jaribio ambalo lingemuua, na kufa kwake ndiko kungekuwa ushahidi dhidi yake. Na mtu aliyeweza kuyazuia hayo kwa neno moja alikuwa ameketi kwenye ubaridi, na shati lililopigwa pasi.

*

Hakubisha hodi.

"Daktari, swali moja. Siku ya pili ya kulazwa kwa Odianosen ulimuuliza mkewe kama nyumbani kuna panya. Kwa nini?"

"Ni swali la kawaida."

"Mtu ana homa na koo. Damu haijatoka hata tone. Sumu haijanunuliwa. Unauliza panya. Ni ugonjwa gani unaotoka kwa panya, hapa kwetu, mwezi wa Januari, kwa mtu anayeanika garri barabarani na kuilaza ghalani?"

Aigbe alinyoosha kola yake.

"Usijibu basi, nitajibu mimi. Ulishuku Lassa siku ile. Ugonjwa ambao una dawa, na dawa yenyewe inasaidia ikianzwa mapema. Ulikuwa na siku nane za kumpeleka penye dawa. Ukamweka hapa, ukamdunga sindano, ukawaambia manesi wavumilie bila glovu."

"Kushuku si kujua."

"Ndiyo maana kuna maabara! Ojeaga alikuomba uipeleke damu. Barua uliitia mfuko gani?"

"Inspekta, wewe hujui biashara hii." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mwaka jana kliniki moja ilitangaza mgonjwa mmoja tu. Mmoja! Mpaka leo mlangoni kwake kumeota nyasi. Nina wafanyakazi kumi na wanane."

"Na mmoja wao amelala kwao na homa, hujamwambia anaumwa nini."

"Sikumshtaki mtu. Nilisema tu damu inafanana na ya sumu."

"Inafanana na ya mbwa wako?"

Daktari aligeuza macho upande wa maabara.

"Ulijua damu ya sumu haigandi, na ulijua hii imeganda. Ulijua pia kuna vidonge jikoni kwa Akhere, maana alikuambia mwenyewe, akidhani anakuonyesha usafi. Ndugu walipokuuliza mtu wao kafa na nini, ukawapa mke wake. Sasa fungua droo, unipe chati ya kweli."

Omoye alitoa pingu, akaziweka juu ya meza, taratibu, karibu na glasi ya kinywaji baridi. Droo ikafunguliwa. Chati ya kweli ilikuwa na madoa, miandiko mitatu, na joto la arobaini nukta moja siku nne mfululizo.

"Chukua kalamu. Andika taarifa kwa idara ya afya, ugonjwa unaoshukiwa, na jina la Nesi Izegbe liwe juu, afuatwe na gari la wagonjwa sasa hivi. Chini yake andika kwamba hukuona dalili ya sumu. Tia sahihi."

Alikuwa akitia sahihi wakati simu ya Omoye ilipolia. Alikuwa Ekata.

"Madamu, oga amemwachia mwanamke. Ndugu wamekuja kumchukua na gari. Nimewakatalia, akaniambia ninyamaze. Na kuosha kumeshaanza, hawakungoja saa kumi."

Omoye alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na robo.

*

Ojeaga alikuja naye garini, boksi la glovu magotini na ndoo ya klorini katikati ya miguu. Njiani hakusema ila mara moja: "Usimnyang'anye kikombe. Kitamwagika."

Uani kwa kina Okosun kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na wanawake wa ukoo wakiimba kwa sauti ya chini. Ehikioya alisimama kwenye mlango wa chumba cha mbele, shati limekunjwa hadi mabegani, mikono imelowa hadi viwiko. Miguuni pake palikuwa na beseni. Mbele ya beseni Akhere alikuwa amepiga magoti, kikombe cha bati cha maua kikiwa mikononi, kimejaa.

"Polisi tokeni!" alifoka Ehikioya. "Hili ni la ukoo!"

Omoye alienda hadi hatua tatu kutoka kwa Akhere, akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Akhere, kiweke chini."

"Madamu, niache." Kikombe kilipanda. "Nikirudi nyumbani bila kunywa, nitaitwa muuaji mpaka nife. Na watoto wangu wataitwa watoto wa muuaji."

"Alikuuliza ukamjibu mara tatu asisikie. Unakumbuka?"

Kikombe kilisimama chini ya kidevu.

"Sumu ya panya haizibi mtu masikio. Haimvimbishi uso, haimpandishi homa siku kumi na mbili. Hukumnunia wala hukumuua. Aliumwa Lassa. Ilitoka kwa panya wa ghalani, ikapitia kwenye garri. Daktari alijua tangu mwanzo, akaficha. Sahihi yake hii hapa."

Nyimbo zilikuwa zimekoma. Ehikioya alishuka ngazi, akaichukua karatasi kwa mkono uliolowa, akaisoma huku midomo ikicheza.

"Lakini vidonge... vidonge nimevikuta mimi mwenyewe."

"Shemeji yako alikwenda kununua dawa ya kumuua panya aliyemuua mume wake. Alichelewa tu."

"Basi kama hakuna sumu, maji hayana neno! Anywe, tumalize!"

"Kaka Ehikioya," alisema Omoye, na sasa hakuona sababu ya kupunguza sauti, "tangu asubuhi watu wazima wenye akili zao wananiambia huyu mwanamke anywe, tumalize. Mkuu wangu tumalize. Daktari tumalize. Wewe tumalize. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mnammaliza nani! Haya maji yana ugonjwa uliomuua mdogo wako. Mmemwosha kwa glovu?"

Ehikioya alitazama mikono yake. Kwenye kidole gumba cha kulia kulikuwa na mkato mdogo, mpya, wa wembe.

"Hiyo ni nini?"

"Nilikuwa namnyoa ndevu," alisema Ehikioya polepole. "Aende akiwa nadhifu."

Kiti cha plastiki kilianguka mahali fulani nyuma. Kisha kingine. Ukoo mzima, ule uliokuja kushuhudia, ulikuwa unarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea getini, hadi Ehikioya akabaki peke yake katikati ya ua, ameshikilia mikono mbali na mwili kama si yake.

Ojeaga aliweka ndoo chini, akatoa kipande cha sabuni. "Anawe sasa hivi, kwa sabuni, halafu kwa hii. Mtu ammiminie. Mimi mikono inatetemeka, nitamrushia machoni. Nani ataniazima mikono?"

Wanawake wa ukoo walitazamana. Shangazi aliyeongoza nyimbo alijifunika pua kwa kitenge.

Akhere alikiweka kikombe chini, polepole, bila kumwaga tone. Akainuka, vumbi kwenye magoti, akanyoosha mikono kwa mzee ili avalishwe glovu.

"Mama, wewe nawe utatazamwa siku ishirini na moja," Ojeaga alimwambia. "Wewe na yeye. Homa ikianza tu, tunakupeleka penye dawa siku hiyohiyo."

"Nimemwuguza siku zote hizo," alisema Akhere. "Nimemfuta damu kwa kitenge changu, nikalala nacho. Mlikuwa mnanipa kikombe cha nini? Maji ya mume wangu nilishayanywa."

Alichukua kopo, akachota. Ehikioya alimnyooshea mikono bila kumtazama usoni. Maji yalipogusa mkato alishtuka, na machozi yakaanza kumtoka, kwa sababu ya klorini au kwa sababu nyingine.

"Mke wetu," alisema. "Mke wetu, mimi..."

"Sugua."

Alisugua. Omoye alitandaza karatasi nyingine juu ya boneti ya gari, akaanza kuandika maelezo ya mjane upya, na juu, mahali palipoandikwa mtuhumiwa, akakata neno hilo, akaandika shahidi. Jina la Oga Itua lingefuata kwenye ukurasa wake.

"Inatosha?" aliuliza Ehikioya.

"Bado," alisema Akhere, akachota tena. "Hapo palipokatika. Sugua."